Cheni ya taimingi inalia: ubadili tensheni, seti nzima, au utafute injini ya mtumba?

Cheni ya taimingi huunganisha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kemshafti (mihimili inayofungua valvu); tensheni ndiyo huikaza. Peleka Toyota IST inayopiga kelele asubuhi kwenye gereji tatu, na unaweza kurudi na majibu matatu. Fundi wa kwanza atasema tensheni, wa pili atasema seti nzima ya cheni, wa tatu atakwambia injini imekwisha, nenda Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi) ukatafute ya mtumba. Kila jibu lina gari lake linalostahili. Kosa ni kuchagua kabla hujajua mambo matatu: mlio unatokea wakati gani, kompyuta ya gari imeandika kodi ipi ya hitilafu (namba kama P0016), na tensheni ya injini yako imefungwa nje au ndani ya kava la mbele. Hilo la tatu ndilo husahaulika zaidi, na ndilo linalogeuza hesabu ya pesa.

Mifano yetu ni ya injini za Toyota zilizojaa barabarani kwetu: 1NZ-FE ya cc 1500 (IST, Vitz, Probox, Fielder, Allion na Premio za 1.5), 1ZZ-FE ya cc 1800 (Wish, na Premio na Allion za mwanzo) na 2AZ-FE ya cc 2400 (Harrier, Ipsum, Alphard). Zote zinatumia cheni. Kama gari lako lina mkanda wa raba, mfano 5A-FE, 3S-FE, 1KZ-TE au Subaru EJ20, ulinganisho huu haukuhusu: mkanda hubadilishwa kwa kuhesabu kilomita, haungojewi ulie.

Kwa nini cheni inalegea

Watu husema cheni "imevutika" kana kwamba chuma kimenyooka kama raba. Sivyo. Kila kiungo cha cheni kina pini inayozunguka ndani ya bushi yake. Oili ikiwa chafu, au imepitwa na muda wake, uchafu laini unafanya kazi ya msasa kati ya pini na bushi. Kila kiungo kinapata nafasi ndogo isiyoonekana kwa macho, lakini viungo ni vingi, na nafasi zote zinajumlishwa. Cheni inakuwa ndefu.

Kazi ya tensheni ni kuumeza huo urefu. Ni pistoni ndogo inayosukumwa na springi pamoja na shinikizo la oili, yenye meno ya kuizuia isirudi nyuma, na inasukuma reli ya plastiki ili ikandamize cheni upande uliolegea. Hapo zipo njia mbili tofauti za kuharibika. Ya kwanza, cheni bado nzima lakini tensheni haipati oili ya kutosha au imechoka. Ya pili, tensheni ni nzima ila imetoka hadi mwisho na cheni bado inacheza. Kwa sikio zinafanana sana, kwa bei zinatofautiana mno.

Kuna athari nyingine ambayo haina kelele kabisa. Cheni ikirefuka, upande unaovutwa na krenki nao unakuwa mrefu, hivyo kemshafti inachelewa nyuma ya krenki. Valvu zinafunguka na kufunga kwa kuchelewa, gari linakuwa zito kwenye mwendo mdogo, linapanda kilima kwa shida, linakula mafuta zaidi. Dereva wengi huanza kubadili plagi na kusafisha nozeli, miezi inapita.

Milio inayofanana, na namna ya kuitenganisha

Cheni za injini hizi zimekaa upande wa kulia wa gari, yaani upande wa dereva kwa usukani wetu. Chukua bisibisi ndefu, ncha uiweke kwenye kava la mbele la injini, mpini sikioni, mbali na mikanda inayozunguka. Kisha hamia kwenye kava la valvu, halafu chini karibu na sampu (karai la oili). Mahali sauti inapokuwa kali ndipo pa kuanzia.

| Kinacholia | Wakati wake | Sauti | Jaribio |
|---|---|---|---|
| Gia ya VVT-i (gia ya kemshafti inayobadili taimingi kwa shinikizo la oili) | Sekunde 1 hadi 2 baada ya kuwasha injini iliyolala | Krrr kavu, kisha kimya | Haijirudii injini ikiwa ya moto |
| Cheni au tensheni | Asubuhi zaidi ya sekunde 5; baadaye hata injini ya moto ikiwa kwenye sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) | Chakachaka ya bati, kava la mbele | Pandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, achia ghafla, sikiliza inaposhuka |
| Tapeti | Muda wote | Tiki-tiki nyepesi, sawia | Iko juu, kava la valvu |
| Konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) | Unapoongeza mafuta, hasa na mzigo | Kishindo kizito cha chini | Chomoa koili moja moja. Silinda yenye ubovu kishindo kinapungua |
| Beringi ya alternata au pampu ya maji | Muda wote, hubadilika na mzunguko | Mkwaruzo au mlio wa kuvuma | Toa mkanda wa nje, washa sekunde 30 |
| Bati la ekzosi | Mzunguko mmoja maalumu | Bati linalotetemeka | Gandamiza kwa kijiti, mlio unakata |

Jaribio la kuachia mafuta ghafla ndilo tunaloliamini kuliko mengine yote ya sikio. Mguu ukitoka, mvutano kwenye cheni unabadilika kwa mara moja, na cheni iliyolegea inajipiga kwenye reli zake. Konrodi haifanyi hivyo. Yenyewe hupiga zaidi unapokanyaga. Kwenye jaribio la kutoa mkanda wa nje, usipitishe sekunde 30, kwa sababu pampu ya maji ya injini hizi inazungushwa na mkanda huohuo.

Mlio mfupi wa gia ya VVT-i unawaponza wengi. Ndani ya gia hiyo ya kemshafti ya inteki (ya valvu za kuingiza hewa) kuna pini inayoifunga injini inapozimwa. Pini ikichakaa, gia inachezacheza hadi oili ifike, kisha inatulia. Si dalili ya cheni kurefuka, na kubadili cheni hakutauondoa. Kabla ya kulaumu gia hiyo, tazama filta ya oili: filta nzuri ina raba ndani ya matundu yake inayozuia oili isirudi kwenye sampu usiku. Filta za bei ya kutupa mara nyingi hazina raba hiyo, au zina raba ngumu kama plastiki. Filta tu imewahi kuwafanya watu wafungue injini.

Kodi zinasema nini, na hazisemi nini

Kifaa kidogo cha Bluetooth cha kusoma OBD (soketi ya kompyuta ya gari) kinatosha kwa kazi hii. P0011 inasema kemshafti ya inteki imewahi kuliko ilivyoamriwa, P0012 inasema imechelewa. Hizi mbili zinahusu mfumo wa VVT-i zaidi kuliko cheni yenyewe. Anza na kiwango cha oili, kisha valvu ya OCV, ile inayoongoza oili kwenda kwenye gia, pamoja na chujio lake dogo la wavu linaloziba kwa masizi. Koili ya OCV ya Toyota hizi husoma ohm 6.9 hadi 7.9 ikiwa baridi ya nyuzi 20. Ukiipa umeme wa volti 12 injini ikiwa kwenye sailensa, injini inapaswa kutetemeka au kuzima kabisa. Isipobadilika chochote, OCV imekwama au oili haifiki.

P0016 ndiyo nzito. Inasema sensa ya krenki na sensa ya kemshafti hazikubaliani kuhusu mahali zilipo. Ikija pamoja na chakachaka na nguvu iliyopungua, uwezekano mkubwa cheni imerefuka au imeruka jino. Ikija peke yake, gari liko kimya na lina nguvu, kagua kwanza OCV, nyaya na soketi za sensa. P0335 na P0340 husema sensa moja haitoi ishara. Hizo mara nyingi ni sensa au waya, ingawa cheni inayorukaruka inaweza kuzileta pia.

Jino moja ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Gia ya kemshafti yenye meno 36 ikiruka jino moja, kemshafti imehama nyuzi 10, sawa na nyuzi 20 za krenki. Na 1NZ-FE ni injini ambayo pistoni na valvu hushiriki nafasi moja kwa zamu. Meno yakiruka vya kutosha, pistoni inagonga valvu na kuzipinda, na hapo hadithi inahamia kwenye silinda hedi (kichwa cha injini chenye valvu).

Kipimo cha kompreshani (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kinasaidia sana kuamua. Toa plagi zote nne, kata mafuta na umeme wa koili, kanyaga pedali hadi mwisho, zungusha kwa stata. 1NZ-FE yenye afya hutoa karibu bar 14.7, na chini ya bar 10.8 hivi ni mbovu. Zikishuka zote nne kwa kiasi kinachofanana, fikiria taimingi iliyochelewa, kwa sababu valvu za inteki zinafunga wakati hewa imeshaanza kurudishwa nje. Ikishuka silinda moja peke yake, hiyo ni ringi, valvu au gasketi, na cheni mpya haitaiponya.

Halafu kata filta ya zamani kwa wembe na ukunjue karatasi yake. Vipande vya plastiki ni reli zinazosagika, na hapo tensheni peke yake haikusaidii tena. Zaidi ya hapo, vipande hivyo huenda kuziba wavu wa pampu ya oili ndani ya sampu, shinikizo linashuka, na tensheni inakosa nguvu hata ikiwa mpya.

Chaguo la kwanza: oili, filta na OCV

Kama mlio ni wa sekunde chache asubuhi, hakuna P0016, na kompreshani ni nzuri, anza hapa. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 za oili pamoja na filta, 5W-30 inatosha. Watu humwaga 20W-50 wakidhani oili nzito itanyamazisha cheni. Inaweza kupunguza kelele gari likiwa la moto, lakini asubuhi oili nzito huchelewa kufika kwenye tensheni, na sekunde hizo ndizo zinazoumiza. Baada ya kilomita 500 sikiliza tena. Mlio ukibaki vilevile, songa mbele bila kuongeza dawa za chupa.

Kwa 1ZZ-FE za mwanzo kuna angalizo. Injini hizo zinajulikana kwa kula oili kutokana na pistoni zenye matundu madogo ya kurudishia oili, ambayo huziba. Kiwango kikishuka chini ya alama, pampu inavuta hewa kwenye kona, na cheni inalia. Huko cheni ni shahidi tu. Mwenye kosa ni ringi.

Chaguo la pili: tensheni peke yake

Hapa ndipo mahali ilipofungwa panapoamua. Kwenye 1ZZ-FE na 2AZ-FE tensheni imefungwa kwa nje kwa nati mbili. Fundi mzoefu anaibadili bila kufungua kava la mbele. Basi kwa Wish au Harrier yenye mlio wa kati, bila plastiki kwenye filta na bila P0016, tensheni mpya na o-ringi yake ni chaguo la busara kabisa, na hata tukikosea hasara ni ndogo.

Ila kuna hatua inayorukwa na kuua injini. Tensheni mpya huingizwa ikiwa imebanwa ndani kwa ndoano yake. Baada ya kukaza nati, lazima krenki igeuzwe kidogo kinyume cha saa ili ndoano ifunguke, kisha igeuzwe kwa mwendo wa saa, na uone pistoni ya tensheni imetoka. Ukiwasha gari ndoano ikiwa bado imeshika, cheni haina mkazo wowote na inaruka meno papo hapo. Vilevile, tensheni ikiwa nje, krenki isiguswe.

Kwenye 1NZ-FE tensheni iko ndani ya kava. Kuifikia kunadai kushusha maunti ya kulia huku injini imeshikwa kwa jeki na ubao chini ya sampu, kutoa puli ya krenki, pampu ya maji, kava la valvu, na kava zima la mbele ambalo ndilo pia nyumba ya pampu ya oili. Ukishafika huko, umelipa karibu gharama yote ya ufundi. Kuweka tensheni pekee na kuacha cheni na reli za zamani ni kuweka akiba ndogo juu ya kazi kubwa. Kwa IST, Vitz na Probox tunalikataa chaguo hili.

Chaguo la tatu: seti nzima

P0016 yenye mlio, plastiki kwenye filta, au 1NZ-FE yoyote inayolia ikiwa ya moto: seti nzima. Na seti nzima maana yake cheni, tensheni, reli inayosukumwa, reli isiyotembea, gia ya krenki, gia ya kemshafti ya ekzosi, sili ya mbele ya krenki, gasketi ya kava la valvu na silikoni ya kustahimili oili. Gia ya VVT-i ni ghali, kwa hiyo ikaguliwe: meno yakiwa yamechongoka kama pezi la papa, au ikicheza wakati inapaswa kuwa imejifunga, ibadilishwe. Cheni mpya juu ya gia zilizochongoka inachakaa haraka, kwani viungo havikai tena katikati ya meno.

Kazi ikianza, laza cheni ya zamani kando ya mpya. Idadi ya viungo iwe sawa. Tofauti ya urefu utaiona mwenyewe mwisho wake. Ukiishika kiubavu kama upinde, ya zamani inainama zaidi. Mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa hili.

Makosa ya kufunga ndiyo yanayorudisha gari gereji. Cheni ikishatoka, usizungushe kemshafti pistoni zikiwa juu. Kwanza zungusha krenki kama nyuzi 90 ili pistoni zote nne zikae katikati, valvu zisiguse kitu. Viungo vya rangi vilinganishwe na alama za gia. Ukishazungusha injini, viungo hivyo havitarudi kwenye alama hadi mizunguko mingi ipite. Usihangaike navyo, tazama alama za gia. Pini nyembamba inayoshikilia tensheni ichomolewe kabla kava halijafungwa. Kisha zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili kwa mwendo wa saa. Ikigoma mahali, simama hapohapo. Boliti ya puli ya krenki kwenye 1NZ-FE hukazwa kwa Nm 128, kwa spana ya toki (inayopima mkazo), si kwa kupiga rungu.

Silikoni iwe mstari mwembamba wa milimita 3 hadi 4 kwenye uso uliosafishwa bila grisi. Ikizidi, inaminyikia ndani na kuishia kwenye wavu wa pampu. Subiri saa 2 kabla ya kumimina oili. Mara ya kwanza, chomoa soketi za koili na za nozeli, zungusha kwa stata hadi taa ya oili izime, ndipo urudishe soketi na kuwasha. Kelele ya sekunde chache mara hiyo ya kwanza ni tensheni ikijaa oili.

Kuhusu feki: Aisin huitengenezea Toyota vipuri vya aina hii, na Tsubakimoto ni mtengenezaji mkubwa wa cheni za injini. Majina yao pia hunakiliwa, kwa hiyo tazama kitu chenyewe. Cheni isiyo na viungo vya rangi, reli yenye kingo za plastiki zisizonyolewa, tensheni ambayo meno yake yanateleza ukiibonyeza kwa kidole: rudisha dukani.

Chaguo la nne: injini ya mtumba

Chagua hili endapo tatizo si cheni tu: konrodi inapiga, silinda zina kompreshani mbovu hata taimingi ikiwa sahihi, injini inakula lita moja ya oili kila kilomita 1,000, au valvu zimeshapinda na hedi imeumia. Kuweka seti mpya kwenye injini ya namna hiyo ni kuvisha mgonjwa nguo ya harusi.

Lakini injini ya mtumba nayo ina cheni ambayo historia yake huijui. Omba kava la valvu lifunguliwe kabla ya kulipa. Ukiona tope jeusi limeganda juu ya kemshafti, oili haikubadilishwa, na cheni yake haiko tofauti na unayoikimbia. Ukiona chuma cha rangi ya asali, safi, hiyo ilitunzwa. Kama ni 1NZ-FE, badili tensheni na reli injini ikiwa bado sakafuni, maana hapo kava linafunguka bila kuhangaika na maunti wala nafasi finyu. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo mabadiliko yapelekwe TRA ukiwa Tanzania au NTSA ukiwa Kenya, na risiti ya ununuzi itunzwe.

Kwa gari za Ulaya hesabu hubadilika. BMW yenye dizeli ya N47 ina cheni nyuma ya injini, upande wa giaboksi, kwa hiyo injini au giaboksi lazima itoke. Hapo injini mbadala inaweza kushindana kwa bei na seti. Volkswagen yenye 1.4 TSI ya familia ya EA111 inajulikana kwa cheni kurefuka, na familia iliyofuata, EA211, ilirudi kwenye mkanda.

Wakati wa kuita breakdown (gari la kuvuta)

Zima injini na usiiwashe tena kama chakachaka imekuwa ya muda wote kisha ghafla gari likaanza kumisi, au kama imezima yenyewe na stata inazungusha kwa wepesi usio wa kawaida, bila ile pumzi ya kompreshani. Wepesi huo unaashiria valvu hazifungi kwa wakati. Usikubali gari la gia za mkono livutwe likiwa kwenye gia ili "lishike", wala fundi asijaribu tena na tena kwa stata. Livutwe likiwa huru hadi gereji, kava la valvu lifunguliwe, krenki igeuzwe kwa spana polepole, na alama za gia zisomwe kwanza. Kama taimingi imehama lakini krenki inazunguka bila kugoma, bado kuna nafasi kwamba valvu hazijapinda. Kompreshani baada ya kurudisha taimingi ndiyo itakayokwambia kama unanunua seti tu au seti pamoja na kazi ya hedi.